Ufa wa Kasha la Kordoba

Andika, Zawadi mjukuu wangu, wala usinirekebishe kabla sijamaliza.

Baba yangu aliitwa Ramazani Sefu, mchonga pembe za ndovu, mzaliwa wa Kasongo, Maniema. Mama yangu aliitwa Veronika Kalenga, binti wa katekista, mzaliwa wa Kibombo. Mimi ni Sefu, mtoto wao wa tatu, nami nilizaliwa Kasongo katika nyumba iliyosikia adhana upande mmoja na kengele ya misheni upande wa pili. Sikupelekwa shule hata siku moja. Baba alinihitaji kwenye benchi lake, na nilijua kusugua pembe kwa jani la msasa kabla sijajua kuhesabu vidole vyangu.

Ninaanza na hayo kwa sababu bila hayo hamtaelewa yaliyonikuta Houston. Nasema na ninyi vijana wote, si na wewe peke yako: ninyi mnaoamka kwenda kwenye maghala ya hapa Fort Worth na viwanda vya Garland, mkidhani kazi ni kusukuma maboksi hadi saa ya kutoka ifike.

Kazi yangu ilikuwa kufungasha vitu vya kale. Tulipoletwa hapa kutoka kambini Kigoma, katika miaka ya tisini, nilipata kibarua cha kufagia katika jumba moja la makumbusho. Baada ya miezi michache mfungashaji wao mkuu, Mzee Otis, Mmarekani mweusi mzaliwa wa Houston, mfupi na mkali kunishinda mimi, aliniona nikipanga vikombe vya chai jikoni. Akasema, "Huyu ana vidole. Nipeni."

Wiki ya kwanza alinipa yai bichi nikae nalo kutwa ndani ya mfuko wa shati, nikipanda ngazi, nikiinama, nikisukuma toroli. Siku ya kwanza lilivunjika kabla ya chai. Siku ya tatu bibi yako, aliyekuwa akiyafua mashati hayo, aliniuliza, "Baba Amina, hao Wamarekani wamekuajiri ufungashe au utage?" Siku ya tano yai lilirudi nyumbani likiwa zima, tukalila.

Mzee Otis alikuwa na amri zake. Kabla hujainua kitu, jua utakiweka wapi. Usishike mpini wa mtungi hata siku moja, maana ndipo mahali pa kwanza kukatika. Mikono ikijaa, mdomo ufungwe. Sanduku la mbao likifika kutoka mbali lisifunguliwe siku hiyo. Liache lilale mchana mmoja na usiku mmoja, ili kilichomo kiizoee hewa ya mahali. Na karatasi laini iliyofunika kitu isitupwe kamwe. Irudi ndani ya sanduku lake, ikunjwe kama ilivyokuwa, ikae humo mpaka kitu chenyewe kirudi kwao.

Amri moja hakunifundisha, kwa sababu hakujua kwamba naihitaji: kutotia sahihi penye maneno usiyoweza kuyasoma. Nilimficha hata yeye. Kila nilipopewa karatasi nilisema nimesahau miwani nyumbani. Niliisahau miwani hiyo miaka saba, nayo miwani yenyewe sikuwa nayo.

Mtu niliyeketi naye karibu zaidi kazini alikuwa Mama Njeri, Mkenya wa Nyeri, mwanamke wa makamo aliyeendesha gari kila siku kutoka Garland. Yeye alikuwa msajili. Kitu kikifunguliwa, mimi nilikigeuza polepole na kutamka macho yangu yanaona nini: kovu hapa, doa pale, mguu umelegea. Yeye aliandika katika fomu ya hali, kisha tukatia sahihi wote wawili. Fomu hiyo ndiyo kiapo cha kazi yetu. Kitu kikiharibika safarini, watu hawatazami uso wako, wanatazama fomu.

"Mzee," aliniambia siku moja, "mbona wewe una-sign kama mtu anayekimbia polisi?"

"Mama, wakubwa hawana muda wa kuremba majina."

Akacheka. Nami nikacheka, huku nikiifunika sahihi kwa kiganja.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, miaka ambayo jina kama langu lilisomwa mara mbili katika kila mlango wenye mlinzi, jumba letu lilipokea maonyesho ya vitu vya Andalusi, yaani Uhispania ya zamani ilipokuwa chini ya watawala Waislamu. Barua zilikuja. Wengine waliuliza kwa nini tunawatukuza watu hao wakati kama huu. Wengine walituonya tusithubutu kuwasema vibaya. Mkurugenzi alituita akasema anataka jambo moja tu: pasitokee kasoro yoyote.

Mtaalamu wa historia hiyo, Daktari Ruth, alitukusanya sisi wafungashaji kabla ya kufungua chochote. Alikuwa na desturi ya kutueleza tunachokishika, nami nilimheshimu kwa hilo. Alisema Waislamu walivuka bahari kutoka Afrika ya kaskazini, wakatawala nchi ile karne nyingi, na kwa muda mrefu kiti chao kikawa mji wa Kordoba. Chini yao waliishi Wakristo wenyeji, Wayahudi, Waarabu, Waberiberi wa Afrika ya kaskazini, watumwa walioletwa kutoka kaskazini ya Ulaya, na wenyeji wengi waliobadili dini. Mkristo na Myahudi waliachiwa ibada yao na waamuzi wao wenyewe, mradi walipe kodi ya kichwa na wakubali kukaa ngazi moja chini ya Mwislamu. Wayahudi wengine walipanda hadi kuwa matabibu na mawaziri. Vijana wa Kikristo walikipenda Kiarabu hata wazee wao wakalalamika kwamba lugha ya kanisa inawaponyoka.

Hapo Mama Njeri akanisukuma kwa kiwiko. "Kama hawa wetu na Kiingereza."

Mfungashaji mmoja akauliza, "Kwa hiyo waliishi kwa amani, au hapana?"

Daktari Ruth akavua miwani. "Waliishi pamoja. Ipo miaka waliyokula pamoja na ipo miaka waliyochinjana. Mtu akikupa nusu moja tu ya habari hiyo, jua anataka kukuuzia kitu."

Kisha akatuonyesha picha ya kasha ambalo maonyesho yote yalilizunguka. Lilikuwa la pembe ya ndovu, ukubwa wa mkate, kifuniko chake kimepinda kama mgongo wa kobe. Limechongwa ndege na mizabibu, na ukingoni mwa kifuniko maandishi ya Kiarabu yakimsifu mtu wa nyumba ya mtawala aliyetengenezewa kasha hilo. Wafalme Wakristo walipoiteka nchi, kasha liliingia kanisani, likahifadhi mifupa ya mtakatifu iliyofungwa kwa hariri. Baadaye Waislamu waliobaki wakawa wao ndio walio ngazi ya chini, na mwisho wakafukuzwa. Kasha likabaki.

Nikanyoosha mkono. "Pembe yenyewe ilitoka wapi?"

"Afrika. Yaelekea ilipitia pwani ya mashariki."

"Nani aliibeba hadi pwani?"

"Hilo halikuandikwa, Bwana Sefu."

Kwetu halikuandikwa pia, lakini nalijua. Babu yangu mzaa baba alizibeba pembe kutoka Maniema hadi baharini, chini ya mabwana wa dini hiyohiyo, akarudi na dini yao na kovu begani. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda mzigo au dini. Ilikuwa karne nyingi baada ya Kordoba, lakini bega ni bega. Baba yangu aliipenda dini ile kwa moyo wake wote, na bado alinionyesha mahali kovu lilipokuwa. Alikataa kuficha mojawapo.

Siku ya kulifungua kasha, sanduku likiwa limelala kama Mzee Otis alivyoagiza, nilikigeuza kifuniko chini ya taa, na mkono wangu ukasimama.

Sikilizeni, ninyi ambao hamjawahi kushika pembe. Pembe ni kama mti: hunywa maji ya hewa na huona kiu. Hewa ikikauka ghafla, hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Baba alipoletewa pembe iliyopasuka aliyeyusha nta ya nyuki, akaichanganya na unga wa pembe uliobaki chini ya msumeno, akaushindilia ufa kwa kisu kilichopashwa moto, kisha akapangusa kwa kitambaa chenye jivu. Ungeitazama ungesema ni nzima. Lakini ukiiinamisha pembe mbele ya mwanga, penye nta pana mng'ao mzito, kama jicho la mgonjwa. Na mng'ao huo ulipita katikati ya kifuniko kile, kutoka ukingoni hadi kwenye bawaba. Mtu wa kale alilitibu kasha hilo kwa mkono uliojua alichojua baba yangu.

Mama Njeri alikuwa na haraka. Siku hiyo tulikuwa na vitu vingi. Alisoma kwa Kiingereza kutoka karatasi ya wenye mali: "Kifuniko, kizima. Kuna la kuongeza, Mzee?"

Nikafikiri: wenye mali bila shaka wanajua. Na nikisema lipo, atanisogezea kalamu aseme, onyesha hapa kwenye fomu, andika maneno yako. Basi nikasema, "Endelea, mama." Nikatia sahihi yangu, ile michoro miwili iliyofanana na mdudu aliyekanyagwa.

Hilo ndilo kosa. Liandike kwa herufi kubwa, kama zipo kubwa zaidi ya hizo. Na usiniambie kwa Kiingereza kwamba halikuwa kosa langu, nimekusikia.

Maonyesho yalikaa kwetu majira mawili, kisha yakahamia jumba jingine Houston. Kasha nililifungasha kwa mikono yangu, likaondoka kwa lori katika joto la Agosti. Siku mbili baadaye simu ililia ofisini, na Mama Njeri akatoka huko akiwa na uso nisioujua.

Kifuniko kilikuwa na ufa. Walikuwa wamelifungua sanduku jioni ileile lilipofika, kwa sababu siku ya uzinduzi iliwakaribia. Wakatazama fomu yetu: kizima. Kwa hiyo, walisema, ama limevunjwa Fort Worth likafichwa, ama limefungashwa na watu wasiojua kazi. Mtu wa bima alikuwa njiani. Sisi wawili tuliitwa tufike kesho yake.

Tulienda kwa gari lake. Mnajua barabara hiyo, ilivyonyooka. Kwa saa nzima hakusema neno, jambo ambalo kwa Mama Njeri lilikuwa kama ugonjwa. Kisha akasema, macho mbele:

"Mzee, hii kazi ndiyo imeshika kibali changu cha kukaa hapa. Wakinifuta kazi, kibali kinakufa nayo. Njeri yuko mwaka wa mwisho wa unesi. Nitamwambia arudi Nyeri aseme nini?"

"Hawajakufuta."

"Wamesema wata-review faili yangu. Ni mimi niliandika kizima. Wewe ulitamka tu ulichoona, si ndiyo? Hukuona kitu."

Nilitazama dirishani. Alinitupia jicho, akarudi barabarani.

"Si ndiyo, Mzee?"

"Tazama mbele, mama. Kuna lori."

Zawadi, nimetembea porini kutoka Kasongo hadi ziwani huku bunduki zikilia nyuma yangu. Sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa katika gari lile lenye hewa baridi. Nikinyamaza, huyu mama anarudishwa kwao. Nikisema niliuona ufa, wataniuliza kwa nini nilitia sahihi kwamba haupo, na majibu ni mawili tu: ama mimi ni mwongo, ama sijui kusoma. Katika maombi yangu ya kazi rafiki mmoja wa Alief, mtaa wa Houston, alinijazia kwamba nasoma na kuandika. Mwongo au mjinga aliyedanganya. Na jina langu ni Sefu Ramazani. Na kitu chenyewe ni pembe, nami ni mwana wa mchonga pembe. Nilijiona nimekwisha kila upande.

Chumba cha Houston kilikuwa cheupe na cha baridi. Kasha lilikuwa mezani, na pembeni yake fomu yetu. Daktari Ruth alikuwa amefika kabla yetu. Mtu wa bima alikuwa kijana mpole mwenye tai, na upole wake ndio ulionitisha. Alianza na Mama Njeri. Uliandika wewe? Ndiyo. Kwa macho yako? Mama Njeri aliivuta fomu karibu, akasema, "Kwa kazi yetu ya pamoja." Hakunitaja. Angeweza kunitaja, na hakunitaja.

Nikasimama. Kiingereza changu kilinitosha kununua samaki, lakini kwa neno hili nilitaka lugha isiyoyumba chini yangu. Nikamwambia, "Mama Njeri, nitasema Kiswahili, wewe utafsiri."

Nilisema: "Ufa huu ni wa zamani. Pembe iliyopasuka jana ndani yake ni nyeupe kama maziwa. Tazameni ndani ya huu."

Daktari Ruth akainama na kioo chake cha kukuzia. Alikaa muda mrefu. "Ni kahawia," alisema. "Kahawia hadi chini."

"Ulizibwa na mtu wa kale kwa nta na unga wa pembe. Joto la lori liliilainisha nta, baridi ya chumba hiki ikaikausha kabla kasha halijapumzika, ikaachia. Leteni karatasi iliyolifunika. Mtaikuta nta humo, rangi ya asali iliyozeeka, na ndani yake vumbi jeupe."

Mkuu wa stoo wa Houston alinitazama kana kwamba mimi ni mganga wa sokoni. Lakini hata kwao amri ya karatasi ilikuwepo; sanduku likaletwa. Wakaikunjua karatasi ya kwanza juu ya meza. Haina kitu. Ya pili, haina kitu. Mtu wa bima akaanza kukusanya kalamu zake. Mama Njeri alikuwa ameshika ukingo wa meza hata kucha zikawa nyeupe. Nami nilijiuliza kama mng'ao ule niliuona kweli, au nilimkumbuka baba tu.

Karatasi ya tatu ilipokunjuliwa, chembe zilibingirika kwenye mkunjo wake, ndogo kama punje za mtama. Daktari Ruth alichukua moja kwa koleo ndogo, akaiinua kwenye taa. Rangi ya asali. Vumbi jeupe ndani.

Hakuna aliyepiga makofi. Mtu wa bima aliandika, kisha akaniuliza swali nililokuwa nalisubiri tangu barabarani. "Umelijuaje hili bila kuliona? Na kama uliliona, kwa nini ulitia sahihi?"

Nikamwambia Mama Njeri, "Mwambie niliuona ufa uliozibwa siku ya kwanza, nikanyamaza. Mwambie sikujua kilichoandikwa. Mimi sijui kusoma."

Hakutafsiri. Alinigeukia, akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, hiyo usiseme. Nikiitoa kwa Kiingereza haitarudi."

"Itafsiri, mama."

"Watakuondoa."

"Nawe watakuacha. Itafsiri kama nilivyosema, usiipambe."

Akaitafsiri. Alilia kuanzia neno la kwanza, lakini hakuruka hata moja.

Mama Njeri hakuguswa. Faili lake lilirudi kabatini, na Njeri ni nesi leo. Ndiye aliyenichoma sindano mwezi uliopita, akanigombeza kwa sababu ya chumvi. Mimi niliondolewa kwenye vitu. Mtu asiyesoma fomu haruhusiwi kushika kilichoandikwa katika fomu, na amri hiyo ni ya haki. Walinipeleka karakana ya masanduku, nikapigilia mbao na kukata sponji hadi nilipostaafu. Sikulishika tena kasha lolote. Mikono iliona uchungu mwaka mzima, nami niliiacha ione.

Kabla maonyesho hayajafungwa, Mama Njeri alinirudisha Houston Jumamosi moja. Ufa walikuwa wameuacha wazi, kwa idhini ya wenye mali. Aliniwekea kidole chini ya kila neno la kibandiko cha maelezo akinisomea polepole: jina la aliyetengenezewa, jina la mji, habari za kanisa. Mwishoni Daktari Ruth alikuwa ameongeza mstari: ufa huu ulizibwa zamani kwa nta, na fundi asiyejulikana.

"Alikuwa Mwislamu au Mkristo?" Mama Njeri aliuliza.

"Alikuwa na kisu cha moto."

"Wewe Mzee, jibu swali."

"Sijui, mama. Na wasiojua kama mimi wakikujibu haraka, waogope."

Sasa sikiliza unachopaswa kukihifadhi, Zawadi. Kisu cha baba, kile cha kuzibia nyufa, kimo ndani ya soksi, chini ya sanduku langu. Usikinoe, hata kikionekana butu. Ninyi watoto wa Amina mnakwenda kanisani kwa bibi yenu, na jina langu mmebaki nalo. Yote mawili myahifadhi, na kovu la babu yangu mlisimulie pamoja nayo. Hicho cheti cha kustaafu chenye fremu wape wanaopenda fremu. Fomu ya ile siku Mama Njeri alinipatia nakala. Imo ndani ya Biblia ya bibi yako, kwa sababu ndicho kitabu pekee nilichojua hakitatupwa. Ihifadhi ionekane sahihi yangu ya mdudu, ili mjue ilivyo sahihi ya mtu anayeogopa.

Na haya uliyoyaandika, rudi mwanzo unisomee. Yote, kidole chini ya kila neno, nami nikitazama. Ulipopapamba utapafuta. Kisha nipe kalamu.